Sauti Safi ya Ampli Yako

Mjukuu wangu Ruth,

Nakusalimu kutoka hapa nyumbani Kampemba. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na wote wawili ni wazima. Mimi, tangu kambo wako, babu yako, afariki, bado nasonga bukari ya watu wawili.

Unasema umejenga ampli ya kukuza sauti ya gitaa, ile ya lampi za kioo, kwa kufuata daftari la kambo wako, lakini sauti ni safi mno, haikwaruzi kama kwenye kaseti yake, na unataka kuivunja kabla ya konseri. Ngoja kwanza.

Siku zile, jioni mtaa mzima ulipika kwa umeme. Umeme ulipungua nguvu, na ampli ya kambo wako ikatoa ile mikwaruzo. Watu waliipenda sana. Kisha tukaalikwa harusini Sakania, ambako umeme ulikuwa na nguvu. Alipopiga gitaa, kila kosa la vidole likasikika. Mpiga ngoma wake akacheka: "Ndugu yangu, leo courant iko muzuri, sasa tunakusikia!"

Kesho yake akaniambia, "Chérie, hii ampli nitaiuzisha."

"Uzisha vidole kwanza," nikamjibu.

Akacheka, akachukua gitaa, akarudia wimbo uleule polepole.

Kwa hiyo hukukosea, mama. Mikwaruzo ile ilikuwa ya umeme wetu, haimo kwenye daftari. Usiivunje. Kaseti ninayo, lakini siku hizi ninayemkumbuka ni yule wa Sakania, na makosa yake yote.

Ni mimi, kambo wako wa kike, bibi yako anayekupenda.