Kabla Hujaweka Kidole

Mama yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii imekukuta mzima, goti limepunguza maumivu, na mvua imeshafika Gotu kwa mjomba na mbuzi wetu. Mimi niko salama, alhamdulillahi. Joto la Doha ni lile lile, na mashuka ya hoteli tunayofua hayaishi. Anayekusomea ni Habiba, tunayeishi naye chumba kimoja huku. Amekuja likizo kwao hapo Bulla Pesa. Nimemwomba asome wakati ndugu yangu Guyo hayuko nyumbani. Ukisikia mlango, mwambie anyamaze.

Usishangae kwamba sikupiga simu. Simu yako siku hizi inakaa mfukoni mwa Guyo, na kila ninachokuambia wewe, yeye ndiye ananijibu. Jambo hilo limeninyima raha.

Ananiambia umekubali kuuza ploti aliyotuachia baba, ile ya vyumba vya wapangaji, ili alipie masomo ya kufanya biashara ya pesa za kigeni kwa simu. Karatasi ziko tayari, anasema, kimebaki kidole chako tu. Eti mwalimu wake ana njia ya siri, anajua dola itapanda lini na itashuka lini. Nikamwambia, haya, nionyeshe hata mara moja. Akasema siri haionyeshwi mtu ambaye hajalipa, na kwamba mimi nina mawazo ya kizamani.

Mama, unakumbuka nilivyokuwa nikimpelekea baba chai soko la mifugo? Yeye na mnunuzi walikuwa wanashikana mikono chini ya kikoi, wanapatana bei kwa vidole, na watu wamesimama pale wakidhani huyu dalali ana dawa. Siku moja nikamuuliza siri yenyewe ni gani. Akacheka, akaingiza mkono wangu chini ya kikoi, akanifinya kidole kimoja, kisha viwili. "Ni hesabu tu," akasema, "ili jirani asisikie bei. Ningejua ng'ombe yupi atapanda bei kesho, ningekuwa namuuza leo?" Na bado kuna wakati alinunua mafahali wazuri, soko likafungwa kwa sababu ya ugonjwa, wakakondea mikononi mwake. Wewe ndiye ulikuwa unamtuliza.

Sisemi hakuna wanaofaulu katika biashara hiyo ya Guyo. Labda wapo, wenye mtaji na moyo wa kuvumilia hasara. Lakini mwenye siri ya kweli anataka ploti ya mjane ya nini?

Tena juzi Guyo akaniuliza kama wenzangu huku wana akiba. Nilipomsimulia Habiba, aliweka pasi chini. Kaka yake alisoma kwa mwalimu wa namna hiyo hiyo. Alifundishwa kuchora mistari kwenye simu, akapoteza chote alichoweka, halafu akaambiwa alete watu, na kwa kila mmoja atapata fungu lake. Basi hiyo ndiyo siri waliyomfundisha. Muulize Habiba, yuko hapo mbele yako.

Na ile pikipiki niliyomnunulia Guyo iko wapi? Kila nikiuliza, iko kwa fundi. Nadhani iliuzwa kitambo, ikaliwa na hiyo biashara, na sasa anatafuta mtu wa kumpelekea mwalimu wake. Namshuku ndugu yangu wa tumbo moja, mama, na ninaona uchungu kuandika hivyo.

Usimfokee. Ameumizwa, na ni mwanao. Mketishe karibu nawe, toa kikoi cha baba kwenye sanduku, funika mikono yenu, halafu umuulize mwalimu amemwambia alete watu wangapi. Kwa mdomo ataona haya, atakudanganya. Lakini vidole baba alimfundisha kabla hajajua kusoma. Akikufinya hata kimoja tu, mama, ujue huyo mmoja ni wewe.

Nisalimie mjomba na watu wote wa Gotu. Nisalimie shangazi anayeuza maziwa, mwambie kanga yake naileta mwenyewe. Yule mpangaji wa chumba cha mwisho mwambie kodi akupe wewe mkononi, asimpe mtu mwingine yeyote.

Guyo naye mpe salamu zangu, ila baada ya kikoi.

Mwanao anayekuombea kila swala,
Fatuma