Jua la Bonga

Jumanne, Bagara

Nimempaka mume wangu mafuta tena, na ngozi ya paji la uso wake imebaki kwenye kidole changu.

Asubuhi nilimwacha kwa mdogo wake anayeishi Bonga, nikaenda kuuza maharage sokoni. Shemeji alikuwa amesikia redioni kwamba watafiti wanajaribu dawa za mimea zinazoua uvimbe wa ubongo, kama huu wa kaka yake, zikimulikwa. Akachuma majani anayoyajua yeye, akamchemshia, akamnywesha, akamweka juani hadi alasiri. Nilipomfuata, uso ulikuwa umejaa malengelenge.

"Shemeji, wataalamu wenyewe wamesema ni mmea na mwanga," alinijibu.

"Wako maabara bado! Hata mimi nilikisikia kipindi hicho. Na mwanga wanaupitisha ndani ya kichwa, kwenye upasuaji!"

Akacheka. "Kwani hospitali walikupa nini? Si walisema umrudishe nyumbani?"

Ni kweli, walisema hivyo. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa hivi Baba Neema ameamka. Midomo imepasuka, lakini anatabasamu, jambo ambalo hajalifanya tangu turudishwe.

"Mama Neema, kesho jua litawaka?"

Nimemwambia mvua itanyesha. Amegeukia ukutani, analia.