Chai ya Boti

Jumapili, 2 Machi 2025. Kitale.

Baba Phelista,

Tangazo limetoka. Phelista amelituma kwa simu yake kutoka Bungoma, kisha akanisomea: "Boti ya mbao ya zamani, ya tanga, futi ishirini na sita, imetunzwa vizuri sana." Nikasema sawa. Nikakata simu, nikakaa kwenye kigoda chako.

Inang'aa. Inang'aa kuliko siku yoyote tangu mzee Daktari, mwenye shamba wa wakati ule, aitoe ziwani Kisumu gugumaji lilipofunika ziwa, akaileta huku kwa lori na kuilaza katika stoo ya mahindi. Alipoondoka nchini akakuachia wewe, seremala wake, kwa karatasi. Miaka ishirini na miwili! Kila Jumamosi ulimwaga maji ndani yake, debe baada ya debe, ukaifunika ubavuni kwa magunia yaliyolowa. "Naipelekea chai yake," ulisema. Majirani nao: ati boti inawekwa maji ndani? Si maji hukaa nje, bana! Ulicheka pamoja nao. Mimi ndiye uliyenieleza. Mbao ikikauka inasinyaa. Ikisinyaa inaachana na mwenzake.

Sijaandika tangu tukuzike. Leo naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Siku uliyokufa, Wekoye ndugu yako alitia kufuli kwenye stoo. Desturi ni hiyo—vyombo vya kazi vya marehemu haviguswi mpaka wazee wakae wavigawe. Anayevigusa kabla anamwita mwenyewe arudi. Nilikubali. Wiki tisa. Desemba, Januari, jua lile, mabati yanawaka. Nikianika nguo nasikia kutoka ndani—paa! Kimya. Halafu tena, paa! Na ufunguo wa pili ulikuwa kwangu, ule uliouficha kwenye mkebe wa majani chai. Niliushika mara mbili. Mara mbili niliurudisha.

Walipofungua, tarehe nane Februari, mwanga ulikuwa unapita katikati ya mbao. Kidole changu cha mwisho kiliingia chote.

Jumanne, 4 Machi

Simu mbili leo. Mmoja wa Ndalu aliuliza kama inaweza kubeba miwa. Wa pili aliuliza kama ina injini, nikasema hapana, akasema basi hiyo ni kitanda. Nilicheka. Mara ya kwanza tangu utuache. Kisha nikaona nacheka nikaacha.

Jepkoech, mwenye shamba sasa, alipita na trekta. Hana ubaya. Alinikumbusha tu: mbolea ya kupanda inafika mwisho wa mwezi, stoo iwe wazi, na hii nyumba yetu ataweka mlinzi. "Mama Phelista, nimengoja vile nimeweza." Ni kweli amengoja.

Nitaenda Kabuchai, nyumbani kwenu. Wekoye ameshasimamisha nguzo za nyumba yangu. Pesa za mabati zitatoka kwa boti.

Nieleze sawasawa kilichofanyika, nisije nikajidanganya baadaye. Siku ile ya mwanga nililia. Wekoye akasema, "Shemeji, usilie. Tutaziba, tupake langi, itakuwa mpya." Alimleta fundi wa magari kutoka mjini. Yule kijana alijaza nyufa zote kwa fila, ile dawa wanayozibia bodi ya gari iliyogongwa. Ikikauka ni jiwe. Kisha rangi nyeupe mara mbili. Akasimama nyuma akasema, "Imeiva, mathe."

Wewe ulitia pamba kati ya mbao. Pamba inakubali kubanwa. Ulinieleza ukila karanga, ukiniachia maganda kwenye leso yangu: mbao ikinywa maji inafura, inatafuta nafasi yake. Ikikuta jiwe pale itasukuma. Itasukuma mpaka misumari itoke.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja mnunuzi. Yakub, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bungoma, karibu na msikiti. Wekoye alifika mapema akiwa na koti lako la kijivu.

Nilimpa mgeni chai. Akacheka kwa upole: "Mama, tuko kwenye mfungo." Nilitamani ardhi inimeze! Alikuja na binti yake, Mulki, miaka tisa. Yeye alisema anafunga hadi saa sita, na sasa ni saa saba, kwa hiyo chai ile ni yake. Akainywa na mkate.

Yakub alizunguka boti akiipapasa kama ng'ombe wa maziwa. Alisema anajua saruji na misumari, boti anaijua kwa mapenzi tu. Baba yake alikuwa kuli bandarini Kisumu, na yeye Yakub akiwa mtoto alikuwa akiona matanga ya wazungu kwa mbali, hakuna aliyewahi kumpakia. Siku ya Idd atawapakia watoto wa mtaa wao, Mulki na wenzake. Ataishusha ziwani Kisumu asubuhi hiyohiyo, kwa shangwe.

Kisha akanigeukia mimi. Si Wekoye, mimi. "Mama, ilikuwa inapata maji kweli? Nimesoma kwamba ya mbao haitakiwi kukauka."

Wekoye akadakia, "Kila Jumamosi! Uliza Kitale yote. Marehemu hakuwahi kukosa."

Ni kweli. Marehemu hakuwahi kukosa.

Yakub bado alikuwa ananitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Mtu aliyefunga, amesimama mbele yangu na midomo mikavu, na mimi naitikia kwa kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Sikula. Nimesikia paa! kutoka stoo nikaruka. Lilikuwa bati tu.

Jumapili, 9 Machi

Amekubali. Ametuma nusu ya bei kwa Wekoye. Lori linakuja Jumamosi hii, tarehe kumi na tano.

Kanisani mhubiri alisema juu ya wanafunzi ndani ya chombo na dhoruba. Nilitoka nje nikajifanya nakohoa.

Nahesabu watoto. Sijui kwa nini. Mtaa mmoja una watoto wangapi? Hawajui kuogelea hao. Nani anaogelea Bungoma?

Jumanne, 11 Machi. Kabuchai.

Nimefika kaburini kwako. Nyasi zimeanza. Nimeng'oa zile za upande wa kichwa.

Wekoye alikuwa anapalilia miwa. Nilimwambia palepale kwenye mtaro kabla sijaogopa tena: Shemeji, ile boti itapasuka majini. Tumwambie yule mtu.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliegemea jembe. "Tumwambie nini? Kwamba wazee walisema funga nikafunga? Atasema tumemuuzia jeneza."

Nikasema, ndilo hilo.

"Nyumba yako ni ile, shemeji. Bado mabati. Mvua iko hapo tu." Akaonyesha mlima kwa kidevu. Halafu akasema, taratibu, bila kuniangalia: "Na ufunguo wa pili ulikuwa wapi?"

Nikaangalia mtaro.

"Ndugu yangu Mukhwana alinionyesha ule mkebe kitambo. Mimi nilifunga kwa sababu wazee walikuwa wanatazama. Lakini nilijua uko nao. Nilikuwa nalala hapa naomba ufungue. Nasema, yeye ni mke, atafungua tu, na mimi nitajifanya sijui."

Baba Phelista! Mimi nilikuwa nangoja ruhusa yake. Yeye alikuwa anangoja ujeuri wangu.

Tulisimama pale kama watu wawili waliovunja chungu kimoja. Kisha akasema, "Ukimwambia, sitakukana. Lakini mimi siwezi kusema. Mdomo hauendi." Akarudi kwa miwa yake.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeenda Bungoma. Dukani kwa Yakub, saa kumi hivi. Nilijipanga njia nzima: Baba Mulki, samahani, nilikosa. Maneno manne tu.

Alinipa kiti. Alimwita mkewe, Arafa, akasema huyu ndiye mama wa boti, na Arafa akanishika mikono yote miwili akanipa pole yako. Akanifungia kaimati kwenye karatasi, nikale nyumbani jua likizama, hata kama sifungi. Mulki akaleta daftari. Amechora boti. Ina tanga jekundu na vichwa kumi na kimoja. Alinitajia kila kichwa. Cha mwisho, chenye kitambaa, akasema kama mjukuu wangu, "Huyu ni wewe, shosh. Utakaa hapa mbele."

Nilifungua mdomo. Nikasema nataka misumari.

Nusu kilo. Ya inchi tatu! Ya nini? Yakub hakutaka pesa.

Nimerudi Kitale na misumari na kaimati. Mdomo wangu pia hauendi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka nikiwa najua. Wewe hukuwa mtu wa maneno pia. Ulikuwa unagonga mbao kwa kifundo cha kidole, unasikiliza, unasema, "Itajisema yenyewe."

Nilichukua ufunguo kwenye mkebe—kufuli ni ileile. Mara hii sikuurudisha, uliingia. Nikatafuta kizibo chako cha mpira, nikakigongomea penye tundu la chini. Nikaanza saa moja na nusu asubuhi. Debe kichwani kutoka tangi la Jepkoech, ngazi yako vidato sita, namwaga, nashuka. Jepkoech aliniona. Akauliza, mama, maji haya ni ya nini? Nikasema ni ya chai. Alinitazama sana. Kisha akamtuma mfanyakazi wake alete mpira wa kumwagilia bustani.

Magunia nimeyalowesha nikayatandaza ubavuni, kama ulivyokuwa ukifanya. Yale mawili yenye viraka nimeyaweka mbele, ulikuwa unayapenda pale.

Saa saba, tone la kwanza chini karibu na mkuku, uti wa mgongo wa boti. Nililipangusa kwa kidole. Likarudi.

Saa kumi na moja, michirizi minne upande wa kushoto.

Naogopa. Sijui kwa nini nilidhani kuogopa kutaisha nikianza. Nimevunja kitu kilichouzwa, ndivyo atakavyosema mtu yeyote. Phelista alipiga simu, nikamwambia. Akasema, "Mama, wewe? Uliingia stoo peke yako?" Kisha akasema nile kitu kabla ya kulala. Nimekula kaimati za Arafa. Zilikuwa zimekauka kidogo, nzuri bado.

Jumamosi, 15 Machi

Siku yake ya chai.

Niko kwenye kigoda chako, naandika juu ya goti. Imekunywa tangu jana bila kupumzika. Tangu alfajiri inalia. Si ule mlio wa Januari, ule mkavu. Huu ni mzito, kama mtu anayejinyoosha akiamka. Rangi nyeupe imepanda matuta kando ya kila ubao. Saa tatu kipande cha kwanza cha fila kilitoka, kirefu kama mkono wangu, kikaanguka sakafuni kikavunjika. Saa nne viwili. Pale kilipotoka, maji yanatiririka kwa mstari, na ndani ya ufa naona pamba yako ya zamani. Ni kijivu. Bado ipo, Baba Phelista!

Ubao mmoja, wa tatu kutoka chini, umeachia msumari. Mmoja tu. Sijui kama fundi anayejua kazi yako anaweza kuurudisha. Labda yupo Kisumu. Labda hakuna.

Wekoye amefika kabla ya lori. Alisimama mlangoni na koti lako. Aliona maji, aliona vipande. Akasema, "Shemeji, funga huo mpira! Tupanguse, wako hapo kwa lami, wanafika sasa hivi!" Alishika tambara kweli. Alipangusa mara mbili, mara tatu. Maji yalimpita katikati ya vidole. Kisha akakaa chini kwenye mbao, tambara mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Ningefungua mimi." Nikasema, "Tungefungua sote." Amevua koti. Amelitundika kwenye msumari wako, pale pale.

Honi. Hiyo ni honi, langoni.

Nasikia Mulki ananiita, shosh, shosh, ameleta kofia ya kuvaa kwenye boti. Nasikia Yakub anamwambia asikimbie, kuna matope. Anashangaa matope yametoka wapi na mvua haijanyesha.

Milango yote miwili nimeifungua wazi kabisa, ile mikubwa. Maji yametangulia, yamefika penye njia. Mdomo sijui kama utaenda, lakini sasa hautakuwa peke yake.

Yakub ameinama, anatazama maji. Sasa anainua macho.

Baba Phelista, nikumbuke.