Kipande Kilichokatwa kwenye Ramani ya Modena

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Argia Bertolani
Umri: Miaka 74
Kazi: Mama wa nyumbani, zamani kibarua wa kiwanda cha tumbaku
Elimu: Darasa la tatu
Makazi: Kichochoro cha San Bovo, namba 9, Modena
Yameandikwa Jumatatu, 18 Novemba 1968, saa 3:20 asubuhi

Mimi ni mke wa Oreste Bertolani, mfunga vitabu mstaafu. Kwa miaka arobaini mume wangu amekusanya ramani kongwe za miji ya Italia. Zimejaa ukutani mpaka chumbani tunakolala. Mtaani wanamwita Profesa, naye huitika.

Tangu Septemba maji machafu yalikuwa yakipanda kwenye ghala la chini ya nyumba yetu. Mume wangu aliwaambia wapangaji kwamba ramani yake ya Modena inaonyesha mfereji wa kale uliofunikwa humo chini. Tukiutoboa, maji yataondoka. Wote walikubali. Na mimi nilikubali.

Mnamo tarehe 14 Novemba, saa 1:30 asubuhi, alifika mwashi Nerio Zanasi. Mume wangu alipima fito nne, kipimo cha zamani, kutoka kwenye kisima cha humo chini, kama ramani inavyosema, akachora msalaba wa chaki ukutani. Ufito aliopimia ni wa kale, aliununua Bologna. Mimi nilikuwa kwenye ngazi na ndoo. Nerio aligonga kwa nyundo, akatega sikio. Akasema, "Profesa, hapa ndani hakuna uwazi. Hii ni nguzo."

Mume wangu akamjibu, "Wewe gonga, kusoma niachie mimi. Ramani hii imemzidi umri babu yako."

Nerio akanitazama. Nikamwambia, "Fanya unavyoambiwa, mwanangu, supu inapoa." Na hilo liandike, usiliruke.

Saa 4:10 nguzo iliachia. Jiko la Dirce Malagoli, lililokuwa juu yake, lilishuka pamoja naye. Tumekuwa majirani miaka hamsini na mmoja. Asubuhi ile alikuwa amekuja kuazima mti wangu wa kusukumia unga. Waliutoa kwenye kifusi ukiwa mzima.

Mume wangu aliwaambia askari kwamba alionyesha mahali pengine, Nerio akachimba kwa ukaidi wake. Nerio yuko mahabusu. Mimi nilinyamaza siku tatu.

Jana, baada ya mazishi ya Dirce, nilifungua droo ya unga ili nitandike karatasi mpya. Chini kabisa nikakuta kipande kirefu cha karatasi nene. Nilikitambua. Mwaka 1931 mume wangu alikata ukingo wa chini wa ramani ile ili iingie kwenye fremu, nami situpi karatasi nzuri. Kipande kina mstari wa vipimo, na maneno yanasema ni fito za Modena. Zamani kila mji ulikuwa na ufito wake, na wa Modena ni mfupi kuliko wa Bologna. Oreste mwenyewe ndiye aliyenifundisha, tukiwa wachumba. Kwa fito nne zinapishana hatua tatu. Kama tungechimba hatua tatu nyuma, kuelekea kisimani, tusingegusa nguzo.

Nilimwekea mezani. Alikitazama, akasema, "Kitie motoni, Argia. Dirce hatarudi."

Nikamwambia, "Dirce hatarudi, lakini Nerio anaweza kurudi. Nipe koti langu."

Alinipa.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyasikia, pamoja na yale yanayoniaibisha. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi: Argia Bertolani

Maelezo ya ofisa: Shahidi alisomewa maelezo haya akayakubali. Alikataa kutia dole gumba, akasema jina lake anajua kuliandika. Alijulishwa kwamba halazimiki kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Alijibu, "Nani kanilazimisha?" Kipande cha karatasi, chenye madoa ya unga, kiliwekwa mbele yake kwenye ukingo wa ramani iliyochukuliwa kwa Bertolani. Mistari yote iliungana. Bertolani aliitwa kutoka kwenye benchi la nje, alikokuwa akimsubiri mkewe.