Samaki Wako Hawajambo, Kaka

Kaka yangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima huko kambini kwenu, na kwamba kile kifua chako hakikusumbui tena. Sisi hapa tunapumua. Mimi ni mzima, mkeo ni mzima wa mwili, na hali za Baba na Mama nitakueleza kadiri ninavyoendelea, kwa hiyo usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule. Ningekupigia simu, lakini ukisikia neno usilolipenda mtandao wa huko kwenu hukatika ghafla. Karatasi haikatiki.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza wote. Umeuliza habari za samaki wako mmoja mmoja, yule mwekundu tunayemwita Bwana Mkubwa, wale weupe, hadi konokono wa kwenye kioo. Ukasema nimekuwa mzembe, natunza matangi ya watu maofisini na kwenye zahanati kwa malipo, halafu la nyumbani naliacha liwe kaburi. Mwisho kabisa, pumzi ikiwa imekuishia, ukaongeza: na Mama anaendeleaje na kizunguzungu chake? Nilikasirika, kaka. Hasira yenyewe haijapoa hadi leo, ndiyo maana unaona kalamu imetoboa karatasi.

Haya, nianze na hao samaki, maana ndio uliowatanguliza. Mganga hajigangi, na mimi nimechekwa sana kwa hilo. Bwana Mkubwa alianza kubana mapezi mwilini, akawa anashinda juu ya maji akihema mdomo wazi, na mkia ukaota mistari ya damu. Mweupe mmoja akalala ubavu chini, na kulipokucha alikuwa amekufa. Sikukimbilia dawa. Watu wengi samaki akiugua humwagia dawa ya bluu, ikishindikana ya kijani, na maskini anakufa kwa matibabu badala ya maradhi. Mimi huanza na maji anayoyapumua. Nilipoyapima, yakageuka kijani cha kutisha ndani ya kichupa, maana yake yamejaa amonia, ile sumu ya uchafu na chakula kilichooza. Nikabadilisha sehemu ya maji kwa yale niliyoyalaza kwenye ndoo ili klorini itoke, nikakamua sifongo la kichujio ndani ya maji yaleyale ya tangi, kwa sababu ukiliosha bombani unawaua vijidudu wanaoila hiyo sumu. Samaki wakachangamka. Baada ya siku chache, kichupa kikawa kijani tena.

Nikamhamisha Bwana Mkubwa kwenye beseni chumbani kwangu, na pampu yake ndogo ya hewa. Huko alipona kabisa, akawa ananirushia maji kitandani. Nikamrudisha sebuleni, akaugua. Hapo nikajua kwamba ugonjwa haukuwa ndani ya samaki, ulikuwa ndani ya nyumba. Nikafukua changarawe za chini na nikakuta mkate. Mkate, kaka, umevimba na kunuka, umejazana hadi chini ya lile jiwe lako.

Tukiwa mezani nikapiga marufuku: asilishe mtu yeyote isipokuwa mimi. Kopo la chakula nikalihamishia chumbani kwangu. Wote walikubali, na Baba mwenyewe akasema anayefanya vile hana huruma na viumbe. Mkate ukaendelea kuonekana.

Wakati huohuo Mama alikuwa anazidiwa. Si kizunguzungu, kaka, usiliite hivyo. Alikuwa akitoka jasho, mikono inatetemeka, maneno yanamgongana mdomoni, kisha anakaa chini popote alipo, hata kwenye sakafu ya jikoni. Zahanati wakasema sukari yake inashuka kupita kiasi, wakauliza kama anakula. Tukarudi nyumbani tukamgombeza kwamba hali vizuri. Sindano yake ya insulini, ile ya kushusha sukari, unajua ni Baba anayemchoma mara moja kila asubuhi. Tangu astaafu kule ghalani hiyo ndiyo kazi iliyobaki mikononi mwake, na hataki mtu aiguse.

Mimi akili yangu ilikuwa kwenye tangi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na nikamtazama wifi, mkeo. Ndiye anayefagia sebule, na siku ambazo haendi kwenye kazi yake ya udobi hushinda nyumbani. Nikamshitaki mbele ya wote, tena kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Aliinamia sahani yake, akasema, "Ni mimi. Nisameheni." Baba akampa nasaha ndefu kuhusu kutunza mali ya mumewe aliye mbali. Mama akaacha chakula, akaondoka. Mimi nikalala usingizi mzuri sana, mpumbavu mimi.

Halafu ikaja siku ile mteja alipoahirisha kazi nikabaki nyumbani. Wifi alikuwa kwenye udobi. Nilikuwa napiga pasi kwenye korido, na pazia lilikuwa wazi kidogo. Nikamwona Baba anamchoma Mama sindano pale kwenye kochi, taratibu, anapuliza ngozi kama tulivyokuwa tukipulizwa vidonda utotoni. Kisha akaenda kwenye tangi na kipande cha mkate, akakichambua, akawauliza samaki, "Mmekula nyinyi?" Nilikasirika, nikasema ngoja amalize nimkabili. Akatoka nje, akaangalia angalia mlango wa barabarani, akarudi. Akachukua mkate mwingine. Akawauliza vilevile, kwa sauti ileile, "Mmekula nyinyi?" Nikaacha pasi ikaunguza shati la mtu. Kabla sijapata la kusema, alikuwa amekwenda kwenye friji, ameshika kile kichupa cha insulini na sindano mpya.

Nikamshika mkono. Akaniuliza nimerudi saa ngapi, ilhali asubuhi hiyo tulikuwa tumekunywa chai pamoja.

"Niachie," akasema. "Mama yako bado hajachomwa."

"Umeshamchoma, Baba. Nimekuona kwa macho yangu."

Akaitazama sindano, akanitazama mimi, kisha akainyoosha kwangu kama mtu anayerudisha kitu alichookota. Akakaa kwenye kiti cha jikoni.

Wifi aliporudi nilimngoja mlangoni. Sikuuliza kwa upole. Akaweka chini mfuko wake, akaniambia yote, na alikuwa na hasira kuliko mimi. Kwamba huku kusahau kwa Baba amekuona muda mrefu. Kwamba siku anazokuwa nyumbani hukaa jikoni akilinda lile friji, na Mama huanguka siku ambazo yeye yuko kazini. Kwamba alikwambia wewe, kaka, mara ya kwanza kabisa, akakuomba unieleze mimi. Nawe ukamjibu afunge mdomo, watu wasije wakasema ukoo wetu una wendawazimu, kwamba ni uzee tu, na nikianza kuuliza habari za mkate aseme ni yeye. Akasema ni yeye. Nikamtukana mwanamke wa watu kwa kosa ulilomvisha wewe. Nimemwomba radhi. Amenisamehe haraka kuliko nilivyostahili, lakini wewe usidhani msamaha huo unakuhusu.

Nilidhani nimefika mwisho wa jambo hili. Nikaenda kukaa na Mama, nikamwambia pole, hukujua. Kaka, Mama alikuwa anajua. Aliinua mto akanionyesha vipande vya sukari alivyovifunga kwenye leso. Mara ya kwanza Baba alipokuja na sindano ya pili, Mama alimwambia umeshanichoma, na Baba akalia. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona akilia. "Sikutaka kumwona vile tena," akaniambia, "ndiyo maana nilikuwa namwachia mkono wangu, halafu nakula sukari." Siku nyingine sukari haikuwahi kufika mdomoni.

Basi ndiyo hayo. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, na nyinyi mmeficha wawili, Mama kwa mapenzi na wewe kwa aibu. Siri yake naweza kuisamehe. Yako bado. Ulikuwa tayari mama yetu aendelee kuchomwa ili majirani wasiseme. Majirani gani, kaka? Wale waliokuwa wanamwokota sakafuni?

Insulini sasa ninaitunza mimi na mkeo, kwa zamu. Baba tumempeleka kwa daktari, amepimwa, na tunarudi tena. Kila asubuhi humletea Mama pamba, hushika mkono wake wakati ninamchoma, hupuliza. Kwa samaki nimemwachia kikopo kidogo, naweka humo chembe za siku moja tu. Akirudi mara ya pili anakikuta kitupu, anakitikisa, anawaambia, "Kumbe mmeshakula nyie," na anaondoka ameridhika. Maji nimeyapima leo, ni safi. Bwana Mkubwa amenyoosha mapezi, na ile mistari ya damu mkiani inafutika. Samaki wako hawajambo.

Nimejibu ulichouliza kwanza. Sasa panda gari, uje mwenyewe uulize kile cha mwisho, tena umuulize Mama usoni. Na uje upesi, maana juzi Baba alitazama picha yako ukutani akaniuliza huyu kijana ni wa nani. Nikamwambia ni wetu. Hata kwa hasira hii, kaka, nilimwambia ni wetu.

Mama anakusalimu sana na anakuombea usalama. Baba anakusalimu, alipokumbuka. Wifi ameniambia nisikupelekee salamu zake, nami nazifikisha hivyohivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Daktari wa Samaki, kama ulivyokuwa ukinikejeli