Majina Niliyoyamwagia Ramu

Westmoreland, Jamaika
9 Februari 1986

Mdogo wangu Theodora,

Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu tufani ing'oe paa letu huko kisiwani Carriacou, nami nikapanda meli kuja kutafuta kazi ya miwa. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Mimi nipo. Macho yanafifia, ila bado nasoma kila jioni mpaka binti yangu Yvette aje kunizimia taa.

Barua yako ilifika. Unasema jiwe la kaburi la Mama limelazwa sebuleni tangu Krismasi, na halitasimamishwa mpaka mimi, mtoto wa kwanza, nije kulimwagia ramu. Unasema watu wa kijijini kwetu Windward wanauliza kama Mama alizaa mwana au alizaa bahasha. Nilicheka, kisha sikucheka tena.

Nilikuwa nimeazimia kuja Pasaka. Lakini Jumamosi iliyopita Yvette alianza msingi wa nyumba yake, kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu mama yake, Icilda. Huku msingi haujengwi kabla ardhi haijanyweshwa ramu nyeupe, ile kali, na wenye ardhi waliokufa wakaombwa ruhusa kwa majina. Mimi ndiye mkubwa hapa nyumbani, nikapewa chupa.

Anayemwaga huonja kwanza. Unaijua ramu ya namna hiyo: hufika puani kabla ya mdomoni, ina utamu wa ndizi iliyoiva kupita kiasi, halafu ulimi hufa ganzi na kifua kikawaka. Ilikuwa na ukali wa ile ya kwetu ambayo barafu huzama ndani yake. Nikamwaga kwenye pembe ya kwanza, na badala ya kuwaita wazee wa mke wangu, nikamwita Mama. Kisha Baba. Kisha Bibi, na wote waliolala Windward.

Mafundi waliweka miiko chini. Shemeji Merlene, dada yake Icilda, akaniuliza kama ramu imenipanda kichwani hata kabla sijaimeza, maana hapa ni kwa baba yake, si hoteli ya wafu wa visiwa vidogo. Nikasema nitawaambia warudi. Jirani yetu Mzee Zekiel akanijibu taratibu kwamba wafu si kuku wa kuswagwa. Nimewavusha bahari yote hiyo, sasa nani atawanywesha? Mtu akiwaita wake ugenini kisha akaondoka, alisema, kiu yao huwaangukia watoto wa nyumba. Fundi mkuu naye akasema hajengi juu ya wageni wenye kiu.

Yvette ni mjamzito. Alikuwa ananitazama, mkono tumboni. Nikaapa mbele yao kwamba sitaondoka, nitawanywesha mwenyewe kila mwaka, papa hapa, mpaka na mimi nizikwe. Ndipo mwiko ukaokotwa.

Wote wanaamini ulimi wangu uliteleza. Wewe nakuambia kweli: haukuteleza. Jina la baba yake Icilda lilikuwa tayari mdomoni, nikalimeza. Miaka yote hii nimewamwagia wafu wa watu wengine. Nilitaka Mama ajue ninapokaa.

Simamisha jiwe, Theodora. Mkono wako ndio uliomwosha Mama, na ndio wenye haki ya kulimwagia. Alikuwa mtembezi, atakunywa kwako na kwangu.

Wape salamu wanao, na yeyote huko anayeikumbuka sura yangu. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Lambert