Kanda ya Ukungu na Sauti ya Pili

Themi, Arusha
18 Juni 1995

Mdogo wangu mpendwa Eliasi,

Kwanza hali zenu. Mkeo ameacha kukohoa? Na Susana, huyo uliyempa jina la mama yetu, ameshaota meno ya mbele au bado anacheka kibogoyo kama kwenye picha? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Godbless magoti yanamsumbua asubuhi, yakishapata jua anatembea kama kijana na kulalamika kama mzee. Mimi niko dukani na vitenge vyangu. Baridi ya mwezi huu imekalia mji, mlima hatujauona tangu wiki iliyopita.

Kule nyumbani Nkoaranga kahawa imeanza kuwa nyekundu hapa na pale. Siku hizi za soko huria wanunuzi binafsi wanapanda hadi mlangoni, kila mmoja na mizani yake. Baba anasema mizani zimekuwa nyingi kuliko kahawa. Hali ya Baba mwenyewe nitaieleza mbele, usiruke mistari.

Kanda zako tatu zilifika salama kabla ya Krismasi kwa mkono wa yule muuguzi Mjerumani. Nilisoma maelezo yako kwamba ni muziki wa filamu tu, filamu yenyewe haimo, na kwamba huko Ujerumani watu hununua hivyo na kukaa sebuleni kusikiliza. Godbless alisema ni kama kununua mchuzi bila nyama. Baba akamjibu kwamba ladha iko kwenye mchuzi. Basi ikawa desturi: Jumapili baada ya ibada tunapanda Nkoaranga, tunakula loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, kisha Baba anaiweka redio kaseti juu ya kigoda na hakuna ruhusa ya kuongea. Kanda inarudishwa nyuma kwa kuzungushwa na kalamu ya biki, ili kuhurumia betri. Kazi hiyo ni ya Godbless.

Kijerumani cha kwenye majalada hakuna anayekisoma, kwa hiyo tulizipa majina yetu wenyewe. Ya kwanza ni Kanda ya Farasi, maana tangu mwanzo ni mbio na vishindo. Ya pili ni Kanda ya Ofisi. Hiyo ina piano peke yake kwa muda mrefu, halafu fidla chache, na Godbless anashikilia kwamba ni mtu amekaa ofisini anamsubiri mkubwa wake. Ya tatu ni Kanda ya Ukungu, nami ndiye niliyeipa jina.

Unanijua mimi na muziki. Kwangu ni kitu cha kusikia huku mikono inafanya kazi. Lakini ukikalishwa kwenye benchi Jumapili baada ya Jumapili, masikio yanaanza kuchagua yenyewe. Kanda ya Farasi nimeichoka. Kila mara ngoma zinakuja kukuambia uogope, unageuka mlangoni, unakuta ni mbuzi wa Baba amesimama anakutazama. Muziki ule hauna kazi kama hakuna wa kumkimbia. Kanda ya Ofisi haikusukumi, ila nayo nyimbo zake zinakatika ghafla, mpigaji kama ameitwa nje. Nilipolalamika Baba akasema, "Picha imeondoka, muziki umebaki umesimama. Si kosa lake."

Yeye ndiye aliyegundua kwamba katika kila kanda kuna wimbo mmoja unaorudi umevaa nguo nyingine. Anauita mwenye nyumba. Katika Farasi mwenye nyumba anapita kila baada ya muda mfupi akipiga kelele tusije tukamsahau. Katika Ofisi anachungulia tu. Katika Ukungu huwezi kumwona mzima mpaka upande wa pili umekaribia kwisha, na kabla ya hapo umesikia bega lake, umesikia kofia yake, basi. Baba aliipenda hiyo kuliko zote. Godbless anasema alipendelea kwa sababu mwenye nyumba anapokuja amekuja na tarumbeta, na Baba ni mtu wa tarumbeta. Huo ni ukweli lakini hautoshi.

Siku ya kwanza tuliyousikia ule wimbo wa mwisho, kila mmoja alisema anachokiona. Mimi niliona ukungu unaondoka kwenye migomba asubuhi. Godbless aliona watu wanarudi kutoka kuvuna. Baba akasema, "Hapa anazikwa mtu, na mchungaji hajafika." Tulicheka. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Hakuna anayewaongoza hao. Kila tarumbeta linaanza likiwa tayari."

Kumbe alikuwa ameshaanza kuutoa kichwani na kuuweka katika do, re, mi. Pumzi ya kupuliza hana tena, lakini kufundisha anafundisha kama zamani: anamwimbia kila mpigaji sauti yake mpaka imkae. Mwezi wa tatu kikundi chote cha tarumbeta cha usharika kilikuwa kinaupiga uani kwetu. Alfajiri ya Pasaka, makaburini, baada ya nyimbo za kitabuni, waliupiga.

Eliasi, nilikuwepo. Kulikuwa na giza bado na nyasi zimelowa. Watu walilia, hata wasio na kaburi jipya. Na aliyelia kuliko wote ni mzee Anande, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Baadaye kwenye chai alisimama akasema anaufahamu wimbo huo tangu utoto, baba yake aliuimba darasa la kipaimara wakati wa wamisionari. Akina mama wawili wakamuunga mkono, mmoja akataja hadi namba yake katika kitabu cha zamani. Nilimtazama Baba. Alikuwa anakoroga chai yake kwa makini sana. Hakuna aliyemuuliza umetoka wapi, na yeye hakumjibu asiyeuliza.

Sasa hali ya Baba. Mwezi wa tano alivimba miguu tukampeleka hospitali. Daktari alisema moyo umechoka na umepanuka, akampa dawa na kumkataza kupanda njia ya shambani. Hakutaja muda, na sisi hatukumuuliza. Baba alirudi nyumbani, siku ya tatu akaniita na kuniambia kwamba siku yake ikifika apigiwe ule wimbo. Hakutaka jeneza la aina hii wala nguo ya aina ile. Wimbo tu. Nikamwambia sawa, nikidhani ni jambo jepesi.

Halafu Lekishon akaenda Ngaramtoni. Humjui, aliingia kikundini baada ya wewe kuondoka. Ni Mwarusha wa huko huko Ngaramtoni, ameoa kwetu, anapiga sauti ya nne, na mashavu anayo ya kutosha. Alikwenda mnadani kuuza ndama. Alipomaliza akaingia kwenye banda la video kupoza miguu, maana siku hizi kila penye umeme pana deki na mabenchi. Filamu ikafika katikati, na matarumbeta yakaanza kupiga wimbo wetu. Jumapili iliyofuata alimsimamia Baba mlangoni hata hajapokea kiti.

"Shikamoo mzee. Ule wimbo mimi nimeuona kwa macho yangu. Ni wa wezi!"

Alieleza vizuri, ingawa hakukaa mpaka mwisho wa filamu. Kuna wezi wa treni. Mwenzao amepigwa risasi. Wanachimba pembeni ya reli kwa majembe na kwa mikono, hakuna padri, hakuna mchungaji, hakuna mtu anayesema neno, na wimbo wetu unapigwa wote tangu mwanzo mpaka udongo unajaa.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Mchungaji hakufika kabisa?" Lekishon akasema hakufika. Baba akanigeukia, akanitazama. Tangu siku hiyo ana uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Lekishon si mtu wa kuficha, akaeleza pia kanisani. Wazee waliitisha kikao. Mzee Anande, aliyelia makaburini, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alisema usharika umepigiwa wimbo wa majambazi siku ya Ufufuo, na kwamba hautapigwa tena penye ibada, hata kwa mzee Melkizedeki, baba yetu, aliyefundisha nusu ya wapigaji hawa. Habari ya kipaimara na wamisionari haikutajwa. Baba alikuwa amepelekwa pale kwa gari la kukodi. Alisimama akishika benchi. "Wimbo haujaiba kitu," alisema. "Na mwizi naye huzikwa." Akakaa.

Nilikasirika kuliko nilivyotegemea. Unajua mimi si mtu wa kugombana na kanisa. Lakini nilijiona nimesimama kwenye baraza ya nyumba ya mzee Anande siku iliyofuata, nikimuuliza Pasaka alilia nini, akiona picha ipi. Akanipa ndizi nirudi nazo.

Mchungaji wetu ni kijana na ana busara ya kukaa kimya mpaka wazee wachoke. Mwishowe alisema kwamba kanisani, na kaburini atakapokuwa amevaa kanzu, zitapigwa nyimbo za kitabuni tu. Ila sisi tunazika mashambani kwetu, na kabla yeye hajafika, ule ni ua wa mzee Melkizedeki, yeye hana mamlaka ya kuuliza kinachopigwa. Mzee Anande akakubali, nadhani kwa aibu ile ile iliyotoa ndizi.

Nilipompelekea Baba habari hizo alicheka mpaka nikaogopa kifua chake. "Si nilisema?" akawa anarudia. "Si nilisema mchungaji hajafika?"

Sasa jambo linalokuhusu. Wanafanya mazoezi uani, Baba yuko kwenye kiti amejifunika blanketi. Mimi, kwa masikio haya mapya niliyopewa kwa nguvu, nikaanza kusikia kasoro. Kuna mahali sauti ya kwanza inauliza na hakuna anayejibu. Kwenye kanda yako jibu lipo. Kwenye kikundi chetu ni kimya, kisha wote wanaendelea. Hata Pasaka ilikuwa hivyo, watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Niliuliza wapigaji. Wakasema sauti ya pili mzee hajamwimbia mtu. Wapo wanaoweza, wameomba, anawaambia wasubiri.

Nikamuuliza mwenyewe. Akasema, "Ina mwenyewe."

Tarumbeta lako limeshushwa kutoka nyuma ya mlango wa chumba chako. Analisugua kwa majivu na ndimu, kidogo kidogo, kwa sababu mkono unachoka haraka. Jumapili iliyopita liling'aa upande mmoja tu.

Mama alipofariki hukuweza kuja, na hakuna aliyekulaumu. Karatasi zilikuwa ngumu wakati ule na mipaka ilikuwa mipaka. Sasa mambo yamefunguka, hata wasiojulikana wanakuja kununua kahawa yetu. Sikulazimishi. Una kazi na una mtoto. Nakueleza tu mambo yalivyo, ndivyo nilivyozoea kuandika, na hapa mwisho naona sitaweza.

Ninaogopa, Eliasi. Siogopi kwamba hutafika kumzika. Ninaogopa kwamba utafika. Utashuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, utaletwa mbio kwa gari, utapewa tarumbeta lako linang'aa pande zote, utaijibu ile sauti ya kwanza vizuri kabisa, na sote tutasikia isipokuwa mtu mmoja. Kanda zako zimetufundisha kwamba muziki unaweza kusikilizwa bila picha yake. Basi njoo tuupige huu bila picha yake. Njoo Baba akiwa bado kwenye kiti, amejifunika blanketi, anakuimbia sauti yako mpaka ikukae.

Godbless anakusalimu, anasema uje na betri. Lekishon anamsalimu mtu atakayesimama mbele yake kikundini. Mzee Anande naye anakusalimu, ukimwona usimkumbushe Pasaka. Mbusu Susana kwenye pengo, na umwambie mkeo chumba chenu nimekifagia. Mungu aliyemlinda Baba mpaka leo awashike mkono njia nzima.

Dada yako anayekupenda na kukusubiri,

Irine